Kabla ya Wachina kulikuwa na nani? Story ya wageni waliokuja Kenya wakageuka wenyeji

Boy wangu mmoja, mzaliwa wa Kibra, alimaliza form four akaenda kuchukua kitambulisho kama sisi wote. Mimi nilipeleka cheti cha kuzaliwa na kopi ya kitambulisho cha mathe, nikatoa alama za vidole, nikarudi keja. Yeye aliambiwa angoje siku ya kupigwa msasa. Siku ikafika, akakuta wazee wamekaa kwa meza wanamngoja. Babu yako alizaliwa wapi? Karatasi zake ziko wapi? Mbona jina lako liko hivi?

Babu yake alikuwa askari wa KAR, alienda kupigania Mwingereza huko Burma kwa vita vya pili vya dunia. Karatasi ya jeshi iko. Ya kuzaliwa haiko, juu enzi hizo hakuna mtu alikuwa anaandika. Boy wangu akangoja karibu mwaka mzima. Kazi ya usoja kwa mall ikampita. Laini ya simu ilikuwa ya mathe wake, M-Pesa ya mathe wake, hadi mechi za kubeti alikuwa anaomba mtu amuwekee.

Sasa kitu ilinichoma ni hii. Guka yangu alishuka Nairobi miaka ya sabini akitokea Murang'a. Familia ya huyu boy ilikuwa Kibra kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Kati yetu wawili, mgeni wa Nai ni mimi. Lakini mimi hakuna mtu aliniuliza.

Hapo ndio nilianza kuchimba: nani alikuja Kenya, lini, akitoka wapi, na mbona kila enzi ina wageni wake? Leo ukisema "wageni" watu wanawaza Wachina, Wasomali ama wale maboys wa Burundi wa njugu. Ungeuliza swali hilo hilo 1900, ungeambiwa Wahindi. 1920, Wazungu wa mashamba. 1975, Waganda. List inabadilika kila mara, na haibadiliki ovyo.

Vitu tatu zinazoleta watu

Ukichanganua hizi story zote utapata vitu tatu zinarudi. Ya kwanza ni kazi: kuna mtu ana mradi mkubwa na anatafuta mikono. Ya pili ni vita: kwa jirani kumewaka, watu wanakimbilia penye hakujawaka. Ya tatu ni sheria: serikali inafungulia hawa mlango na inafungia wale.

Shika hizo tatu, tunazirudia hadi mwisho.

Upepo ulikuwa ndio visa

Coast ilikuwa na wageni karne nyingi kabla ya hii nchi kuitwa Kenya. Majahazi yalikuwa yanakuja na upepo wa kaskazi kutoka Uarabuni, Uajemi na India, yanangoja miezi kadhaa, halafu yanarudi na kusi. Hiyo miezi ya kungoja ni mingi. Watu walioa, walijenga, wengine wakasahau kurudi.

Wareno walianza kujenga Fort Jesus 1593. Waomani wakawafurusha 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Pamoja na Waomani walikuja askari Wabaluchi kutoka pande za Iran na Pakistan ya leo, na vizazi vyao bado viko Mombasa. Hakuna mtu aliulizwa kitambulisho. Ulikuwa unauliziwa dini yako, biashara yako na umeoa kwa nani.

1896: reli inaleta Punjab Makadara

Mwingereza alipoamua kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, alihitaji watu wengi na alitaka haraka. Wenyeji hawakuwa na sababu ya kuacha ng'ombe na mashamba yao waende kubeba vyuma vya mtu. So akageukia koloni yake ingine, India. Kati ya 1896 na 1901 waliletwa wafanyakazi karibu 32,000, wengi wao kutoka Punjab, kwa mkataba wa miaka mitatu. Karibu 2,500 walikufa kwa magonjwa na ajali. Wengine waliliwa na wale simba wawili wa Tsavo mwaka 1898, ambao ukitaka kuwaona leo wako wamekaushwa kwa jumba la makumbusho la Chicago.

Mkataba ulipoisha wengi walirudi kwao. Kama 6,700 hivi walibaki.

Lakini Wahindi wengi unaowajua mtaani hawatoki kwa wale wa reli. Babu zao walikuja nyuma ya reli, kutoka Gujarat, kama wafanyabiashara. Reli ikifika mahali, duka linafunguliwa. Alidina Visram, aliyezaliwa Kutch na akaanzia maisha Zanzibar, alikuwa na maduka kuanzia coast hadi Uganda. A.M. Jeevanjee wa Karachi alisambazia reli wafanyakazi na chakula, halafu akawapatia watu wa Nairobi ile bustani ambayo leo mnakaa mkingoja deti ama mkisikiliza wahubiri wa lunch hour.

Angalia venye waliingia ndani yetu. Duka ni neno lao. Gari ni neno lao. Chapati pia, kabla hatujaikata ikawa chapo. Hadi 1920 pesa ya hii nchi ilikuwa rupia. Ukikula chapo madondo kwa kibanda, hapo kwa sahani kuna mradi wa reli wa 1896.

Askari waliopewa msitu

Hapa ndio babu wa boy wangu anaingia. Mwingereza alihitaji pia watu wa kubeba bunduki. Alichukua askari wenye asili ya Sudan, wakamsaidia kuteka Uganda na Kenya, wakaingizwa King's African Rifles. Wakistaafu, badala ya kuwarudisha kwao, aliwapa mahali pa kuishi nje kidogo ya tao. Wao wakapaita kibra, yaani msitu kwa lugha yao ya Kinubi. Wazungu na ramani zao wakaandika Kibera.

Sasa cheki mtego. Aliwaruhusu kuishi hapo lakini hakuwapa title. Na kwa sababu hawakuwa kabila la "hapa", hawakupewa reserve kama makabila mengine. So wakati wengine tunasema ushago ni Nyeri, Siaya ama Kitui, Mnubi ushago yake ni Kibra. Ilibidi wangoje hadi 2017 ndio jamii yao ipewe hati ya ekari 288. Ardhi ya mwanzo ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko hiyo.

Walowezi: wageni walioitwa kwa matangazo

Reli iligharimu pesa mob, na lazima ingelipa. Serikali ya mkoloni ikaona dawa ni kuleta Wazungu walime, wasafirishe mazao, reli ipate mzigo. Kuanzia 1902 hivi mlango ukafunguliwa. Walikuja Waingereza wazito kama Lord Delamere, na mwaka 1908 Makaburu wa Afrika Kusini wakapanda na mikokoteni ya ng'ombe hadi Uasin Gishu. Ndio maana Eldoret watu wanaiita Sisibo. Mji ulianzia kwa shamba namba 64, na wenyeji wakaitamka hivyo. Baada ya vita vya kwanza, askari wa Uingereza waliostaafu walipewa mashamba hapa kama asante.

Hii ndio kundi la wageni ambalo hakuna mtu aliwapiga msasa. Wao walikuja na sheria mkononi. Nyanda za juu zilitengwa ziwe zao, na mwenyeji ndiye alianza kuvaa kipande shingoni kwa kile kikopo, ili aulizwe ametoka wapi na anaenda wapi kwa nchi yake mwenyewe. Ukishangaa mbona hadi leo tunaitaga kitambulisho "kipande", jibu ndio hilo.

Halafu walowezi walikuwa wanalalamika kuhusu wageni wengine! Miaka ya 1920 walitaka serikali izuie Wahindi kuingia, ati wanajaa sana. Maneno yalipanda hadi London, na 1923 serikali ya Uingereza ikajibu kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na maslahi yao ndio yatangulie. Kwa karatasi.

Na tusisahau Wataliano. Walishindwa vita Ethiopia 1941, maelfu wakaletwa hapa kama mateka. Ukishuka ile barabara ya Mai Mahiu, kale kakanisa kadogo kando ya barabara walikajenga wao 1942.

Wale hawako kwa vitabu vya historia

Shule tulifunzwa reli na walowezi. Kuna kundi hatukufunzwa.

Mashamba ya mkonge na miwa ya Kwale na Taita yalihitaji vibarua, wakaletwa Wamakonde kutoka Msumbiji. Mashamba ya majani chai huko Kericho yakaleta watu kutoka Rwanda na Burundi. Washona walikuja kutoka Zimbabwe wakati nchi yao inaitwa Rhodesia, wao wakifuata mambo ya kanisa. Wakatulia pande za Kiambu, wanaume wakijulikana kwa useremala. Wapemba, wavuvi hodari, walikuwa wanavuka kuja Kilifi na Kwale kuvua, na wengine wakakimbilia huku baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964.

Hawa wote walikuja na mikono yao tu. Uhuru ulipofika 1963, sheria ya uraia ilikuwa imewaza Mwafrika mwenye kabila linalojulikana, Mzungu na Mhindi. Mmakonde alianguka katikati. Msumbiji hawamjui, Kenya hawamjui. Watoto wao wakazaliwa hapa, wakaimba Ee Mungu Nguvu Yetu kila Jumatatu na Ijumaa, wakafika miaka 18, wakaambiwa nyinyi si wa hapa.

Hebu fikiria hiyo kwa maisha ya kawaida. Huna kitambulisho, so huwezi kufungua akaunti, kusajili laini, kupata cheti cha tabia njema, kuandikwa kazi, kupiga kura ama kununua plot. Karao akikusimamisha usiku, huna jibu. Na mtoto wako naye anarithi hiyo shida yote.

1963 hadi 1968: mshale unageuka

Sensa ya 1962 ilipata watu wa asili ya Asia kama 176,000 na Wazungu kama 55,000. Hiyo ilikuwa karibu na kilele. Serikali mpya iliwapa miaka miwili waamue: chukua uraia wa Kenya ama baki na pasipoti yako. Wengi walisita. Ukiangalia kwa macho yao, unaelewa: hujui hii nchi mpya itakuchukuliaje, na pasipoti ya Uingereza uko nayo kwa droo.

Halafu 1967 zikaja sheria mbili: ya uhamiaji na ya leseni za biashara. Kama si raia, unahitaji kibali cha kazi, na kuna mahali na bidhaa huruhusiwi kuuza. Maelfu wakaanza kupanda ndege kwenda London. Uingereza ikashtuka, na Machi 1968 bunge lao likapitisha haraka haraka sheria ya kuwafungia mlango watu waliokuwa na pasipoti yao wenyewe! Watu wakawa wanazungushwa kwa maeapoti kama mpira.

So hapo sheria peke yake, bila vita, ilibadilisha sura ya tao. Mitaa kama Ngara, Pangani na Eastleigh, ambayo ilikuwa imejengewa Wahindi, ikaanza kupata wapangaji wapya. Sensa ya 2019 ilihesabu watu wa asili ya Asia kama 90,000, karibu nusu ya wale wa 1962, na karibu nusu yao si raia. Wengi kati ya hao wasio raia ni wa kizazi kipya kilichokuja kikazi na kibiashara, hawana uhusiano na reli.

Miaka ya 70 na 80: walimu na magitaa

Idi Amin alichukua Uganda 1971. Mwaka uliofuata akafukuza Wahindi, na baada ya hapo mtu yeyote msomi akawa hatarini. Kenya ikapokea Waganda wengi, na wengi wao walikuwa walimu. Ukiuliza fathe ama anko aliyesoma high school enzi hizo, kuna uwezekano mkubwa alifunzwa hesabu ama fizikia na Mganda.

Kutoka Zaire walikuja wanamuziki. Nairobi ilikuwa na studio, viwanda vya santuri na promota wa River Road, so mtu akitaka kurekodi ilikuwa lazima apitie huku. Super Mazembe wakatua 1974. Les Mangelepa wakaanzia hapa hapa 1976. Samba Mapangala akaja akatengeneza Virunga. Kutoka Tanga, ndugu wa Simba Wanyika walikuwa wamevuka tayari.

Unaona ule wimbo wa Kassongo uliofufuka TikTok, ukapigwa kila mathree hadi ukageuka jina la utani la kisiasa? Hao ni Super Mazembe. Gen Z wa Kenya walikuwa wanasherekea na kuteta kwa wimbo wa wahamiaji wa Kikongo wa miaka ya sabini, na hakuna mtu aliona ni wimbo wa nje. Sisi husema tu ni wa zamani.

1991: mwaka uliobadilisha kila kitu

Hadi mwisho wa miaka ya 80, Kenya ilikuwa na wakimbizi wasiozidi 20,000. Januari 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka Somalia. Mei mwaka huo huo Mengistu akatoroka Ethiopia. Mwaka 1992 wakaingia maelfu ya vijana wa Sudan waliokuwa wametembea jangwani miezi mingi, wale dunia iliwaita Lost Boys. Kufikia mwisho wa 1992, wakimbizi walikuwa zaidi ya 400,000.

Dadaab ilijengwa ibebe watu 90,000. Kakuma ikafunguliwa Turkana. Ukame wa 2011 ulipoleta wimbi lingine kutoka Somalia, Dadaab ilipita watu 450,000. Ingekuwa ni mji, ingekuwa kati ya miji mikubwa zaidi Kenya.

Wale waliofika Nairobi walitulia Eastleigh, na hapo ndio Isich tunayoijua ilizaliwa. Kulikuwa na gesti inaitwa Garissa Lodge. Wakimbizi walikuwa wanalala chumbani usiku, na mchana kitanda kinageuka meza ya kuuzia nguo na redio. Vyumba vikageuka maduka, lodge ikageuka mall, na mall zingine zikafuata barabara nzima. Leo ukitaka suti ya graduation, pazia ama sneakers za jumla, unajua penye unaenda.

Hapa lazima niweke kitu sawa. Msomali wa Kenya na mkimbizi kutoka Somalia ni watu wawili tofauti. Wasomali wa Garissa, Wajir na Mandera hawakuvuka mpaka, mpaka ndio uliwavuka wao. Kuna wengine babu zao walikuja na Waingereza kutoka kaskazini mwa Somalia, wakatulia Nairobi, Isiolo na Naivasha zaidi ya miaka mia iliyopita. Lakini serikali zimekuwa zikiwachanganya makusudi ama kwa uvivu. 1989, kabla hata ya vita vya Somalia, Wasomali wa Kenya walilazimishwa kupigwa msasa na kubeba kadi ya ziada ya rangi ya waridi. 2014, kwa ile operesheni ya usalama, watu walizolewa Eastleigh wakafungiwa uwanja wa Kasarani, raia na mkimbizi pamoja.

Na kuna hii inauma zaidi. Wakati wa njaa, Wakenya maskini wa Garissa walijiandikisha Dadaab kama wakimbizi ili wapate chakula na shule. Walipofika miaka 18 wakaenda kuchukua kitambulisho, kompyuta ikasema alama za vidole ziko kwa system ya wakimbizi. Maelfu walikwama hivyo. Mwenyeji aligeuzwa mgeni juu ya unga.

Reli ingine, wageni wengine

Miaka ya 2000 serikali ikageuza uso mashariki. Thika Road ikamalizwa 2012, SGR ikazinduliwa 2017, Expressway ikafunguliwa 2022. Zote kazi za kampuni za China. Na kama 1896, mradi ulileta watu wake: wahandisi, mafundi, halafu nyuma yao wapishi, wenye mahoteli na wenye maduka. Mwaka 2023 wafanyabiashara wa tao waliandamana wakisema Wachina wanauza rejareja kwa bei ya kuwaua. Ukisoma malalamiko ya walowezi kuhusu maduka ya Wahindi miaka mia iliyopita, ni kama mtu alifanya copy paste akabadilisha majina.

Wengi watarudi kwao mkataba ukiisha. Ndio venye walikuwa wanasema kuhusu Wahindi pia, na 6,700 walibaki. Kama tayari kuna mtoto wa Kichina Kilimani anaongea Sheng kukuliko, unajua mambo yanaelekea wapi.

Halafu kuna mlango wa jirani. Soko la pamoja la Afrika Mashariki lilianza 2010, na tangu 2014 ukiwa Mkenya, Mganda ama Mnyarwanda unavuka na kitambulisho tu. Ndio unaona maboys wa Burundi na ndoo ya njugu kila stage, kinyozi Mkongomani na fundi wa nguo Mtanzania. Sudan Kusini ikajiunga na jumuiya 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Cheki hiyo vizuri: nchi tatu zinazotoa wakimbizi wengi zaidi walioko Kenya sasa ni wanachama wenzetu. Mtu huyo huyo, kwa karatasi moja ni mkimbizi anayefaa kukaa Kakuma, kwa karatasi ingine ni mwana jumuiya mwenye haki ya kutafuta wera Nairobi.

Kwa ujumla ni wangapi?

Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya 2020 yalisema watu waliozaliwa nje wanaoishi Kenya ni kama milioni moja, yaani wawili kwa kila mia. Sehemu kubwa yao ni wakimbizi, na wengi wanatoka nchi zinazotuzunguka. Wazungu na Wahindi wanaonekana sana kwa hadithi, lakini kwa hesabu ya leo wageni wengi wa Kenya ni wa kutoka Somalia ama Sudan Kusini, na hapo hujahesabu mtoto aliyezaliwa kambini na hajawahi kuona hiyo nchi anayoambiwa ni yake.

Karatasi huja mwisho

Katiba ya 2010 na sheria ya uraia ya 2011 zilifungua njia kwa watu wasio na nchi ambao wamekuwa hapa tangu uhuru. Lakini sheria haikutembea yenyewe. Oktoba 2016 Wamakonde walifunga safari kutoka Kwale hadi Ikulu Nairobi, wengine kwa miguu. Ndio wakaanza kupewa vitambulisho, na 2017 wakatambuliwa kama kabila la 43. Miezi michache baadaye Wakenya wa asili ya Asia wakawa la 44. Desemba 2020 serikali ikatangaza kuwapa uraia Washona 1,670 na watu 1,300 wa asili ya Rwanda. Wapemba wakafikiwa 2023. Na 2025 rais akatangaza mwisho wa ule msasa wa ziada kwa watu wa kaskazini.

Piga hesabu. Wamakonde walingoja zaidi ya miaka 50 tangu uhuru. Wapemba 60. Kwa huo muda wote walikuwa wanalipa ushuru kila wakinunua sukari, watoto wao wanacheza na wetu, wanazikwa kwa hii mchanga. Mtaa ulikuwa umewakubali kitambo. Ni serikali ndio ilikuwa bado inauliza maswali.

Boy wangu alipata kitambulisho hatimaye. Siku aliyoitwa kukichukua alinipigia akanionyesha kwa kamera, nikamwambia picha ni mbaya, tukacheka. Halafu akaniambia brathe yake mdogo anafikisha 18 mwaka ujao. Mathe wao ameshaanza kutafuta zile karatasi za babu, za jeshi, zile zimeanza kuchanika kwa mikunjo. Wameenda wakaziweka laminesheni.

Mimi naye wikendi nilimpigia guka nikamuuliza sisi tulitoka wapi kabla ya Murang'a. Akanyamaza kidogo, akasema hata huko kuna mahali tulitoka, na kuna watu tulipata wakiwa hapo. Jaribu kumuuliza wako.